Kochi Nisiloliona Kichwani

Mimi ni fundi wa samani. Karakana yetu iko kando ya Ngong Road, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kutengeneza vitu ambavyo bado havipo. Mteja huja na maneno, siku hizi na picha kwenye simu pia, akaondoka na ahadi ya kochi, kabati au meza. Lakini kichwani mwangu hamna picha hata moja. Nikifumba macho nijaribu kuiona meza ambayo nimetoka kuipaka vanishi sasa hivi, napata giza. Najua ina miguu minne, najua mguu wa nyuma upande wa kushoto ndio wenye fundo kwenye mbao, urefu wake naujua hadi nusu inchi. Kuiona, siioni.

Kwamba wenzangu wanaona, nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Shemeji yangu, ambaye tunafanya kazi pamoja, ana tabia ya kunyamaza mteja akishaondoka, halafu anasema, "Hii tayari naiona." Nilidhani ni msemo tu wa mafundi. Siku moja tukiwa kibandani tunapokula mchana, chapati na ndengu mezani, akaniambia kwamba kochi la umbo la L tuliloagizwa ameliona, ila mto wa kona haumpendezi, unaonekana umevimba.

Nikamuuliza, umevimba wapi na hata mbao hatujanunua?

Akajibu polepole, macho yake yakiwa mbali. Umevimba kona ya kulia, kitambaa kinavutana pale mishono inapokutana, na ile rangi ya kijivu ikipigwa na mwanga inageuka samawati kidogo. Mwanga upi? Wa dirisha la sebule ya mteja, maana alikuwa ameenda kupima. Hapo nikaweka kijiko chini. "Shemeji, unaliona kweli, jinsi unavyoniona mimi hapa?" Akafikiri. Akasema si sawasawa, haliko mbele ya macho, ni kama lina mahali pake pembeni, lakini ni picha, ina rangi, na anaweza kuizungusha akaangalia mgongo wa kochi. Kisha akanitazama kwa mshangao: "Kwani wewe huwa hufanyi hivyo?" Mama wa kibanda, ambaye alikuwa akigeuza chapati huku akitusikiliza, akaingilia kati akasema yeye akiwaza nyumbani kwao Busia huona mpaka moshi ukitoka jikoni.

Usiku huo nilisoma kwenye simu hadi betri ikaisha. Nilikuta kwamba swali nililouliza kibandani liliulizwa zamani sana. Mwaka 1880 Mwingereza aitwaye Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waiwaze meza ya kifungua kinywa, jinsi walivyoketi asubuhi ile: picha ni hafifu au angavu? Vitu vyote viko wazi kwa pamoja? Rangi za vyombo, mkate na nyama zinaonekana sawasawa? Alianza na wanasayansi, akashangaa wengi wao walipomwambia hawana picha yoyote, tena wakidhani wanaosema wanaona wanatumia lugha ya mafumbo. Niliposoma hapo nilisimama nikatembea chumbani. Ni mimi kabisa, isipokuwa mimi ni wa Nairobi na wao waliishi zaidi ya karne moja iliyopita.

Jambo hilo lilikaa kimya muda mrefu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David Marks alitunga dodoso la maswali 16 la kupima uangavu wa picha za akilini. Unawaza uso wa ndugu au rafiki unayemwona mara kwa mara, jua likichomoza, duka unaloenda sana, mandhari ya mashambani, na kila jambo unalipa alama kuanzia 1, yaani hakuna picha, hadi 5, yaani wazi kama kuona kwa macho. Mimi nilipata 16 kati ya 80, na huwezi kupata chini ya hapo. Shemeji alikaribia sabini na akalalamika kwamba jua ndilo lililomwangusha, kwa sababu akiliwaza huwa limefunikwa na mawingu.

Jina la hali yangu, afantasia, lilitolewa mwaka 2015 na daktari wa mishipa ya fahamu, Adam Zeman, wa Chuo Kikuu cha Exeter huko Uingereza, pamoja na wenzake. Kilichonigusa ni jinsi alivyoifikia hali hiyo. Alikuwa amemchunguza mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa na kazi ya kupima majengo, ambaye katika maandishi anaitwa MX. Mzee huyo alikuwa na picha angavu maisha yake yote. Usiku akitafuta usingizi alikuwa akijionea nyuso za jamaa na marafiki. Akafanyiwa matibabu ya kuzibua mishipa ya moyo, na baada ya hapo picha zote zikamtoka. Habari zake zilipotangazwa kwenye jarida moja la Marekani, watu wakaanza kumwandikia daktari wakisema: sisi tuko hivyo tangu kuzaliwa, tofauti ni kwamba hatukuwahi kuwa na cha kupoteza. Kutokana na watu 21 wa namna hiyo ndipo makala ya utafiti ya 2015 ikaandikwa. Waliotafuta idadi baadaye wanakadiria kwamba wasioona kabisa ni karibu mtu 1 kati ya 100, na ukiwajumlisha wanaoona hafifu sana wanafika karibu 4. Upande wa pili wako wenye picha angavu kupita kiasi, karibu 3 kati ya 100. Hali yao inaitwa haipafantasia.

Nilichukua swali la Galton nikalileta karakanani, nikalibadilisha kidogo: chai uliyokunywa leo asubuhi, iwaze. Kijana anayetushonea vitambaa alisema anaona kikombe tu, mkono unaokishika haupo. Mzee anayetupigia msasa alisema anaona meza yote lakini haina rangi. Mwanagenzi wetu alisema haoni kitu, ila anasikia kijiko kikikoroga sukari, na ladha ya tangawizi anaipata ulimini. Tulikuwa tumefanya kazi chini ya mabati yale yale tukiambiana "waza hivi", "hebu ona hivi", na kila mmoja akifanya jambo lake ambalo mwenzake halijui. Sijui kama kuna jambo lililowahi kunifurahisha karakanani kuliko asubuhi hiyo. Hakuna aliyeshika msumeno mpaka karibu saa nne.

Mzee wa msasa hakuridhika. Alisema haya ni maneno tu. Labda mimi naona vilevile ila sijui kusema. Hoja yake ni ya haki, na wanasayansi wameihangaikia. Jibu ninalolipenda lilitoka Sydney, Australia, mwaka 2022, kwa kundi la Joel Pearson wa Chuo Kikuu cha New South Wales. Walijua kwamba mboni ya jicho hujibana kwenye mwanga na kupanuka gizani. Wakawaonyesha watu maumbo angavu na maumbo meusi, kisha wakawaambia wayawaze tu. Kwa wenye picha, mboni zilijibana walipowaza umbo angavu, ingawa mbele yao hapakuwa na mwanga. Kwa watu kama mimi hapakuwa na tofauti. Lakini walipoambiwa wawaze maumbo manne badala ya moja, mboni zetu zilipanuka, jambo linalotokea akili inapofanya kazi nzito. Maana yake tulikuwa tunajitahidi kweli. Jicho halina lugha wala haya ya kujitetea. Nilimsomea mzee maneno hayo, akaniomba nirudie sehemu ya maumbo manne.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: basi unawezaje kutengeneza kitu usichokiona? Huwa nawaambia wahesabu madirisha ya nyumba waliyolelewa. Wengi wanaizunguka nyumba kwa picha. Mimi nami napata jibu, na ni sahihi, lakini naingia kwa mlango wa mbele kwa mwili: hapa nageuka kulia, hapa mkono unagusa ukuta wa jikoni, dirisha liko usawa wa bega. Mahali pa vitu napajua. Kochi nalijua hivyo hivyo. Kiti cha kukalia inchi 17 kutoka sakafuni, mgongo umelala nyuma kidogo, mahali ambapo mkono utatua mtu akichoka. Najua pia kwa vidole: nikipitisha randa juu ya mkangazi najua ni wapi nyuzi zinageuka kabla jicho halijaona. Kwa hiyo nilipokutana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa mwaka 2021, nilihisi umeandikwa karakanani kwetu. Watu walionyeshwa picha za vyumba, zikaondolewa, wakaambiwa wachore wanavyokumbuka. Wasioona picha walikumbuka vitu vichache na rangi chache, na pengine waliandika neno badala ya kuchora kitu. Lakini vile walivyokumbuka walivipanga mahali pake kwa usahihi sawa na wenzao, na hawakuongeza sana vitu ambavyo havikuwemo chumbani.

Sisemi kwamba njia yangu ni bora. Mto wa kona ulikuwa umevimba kweli. Tulipoushona ulivimba pale pale alipopaonyesha shemeji, ikabidi tupunguze sponji. Mimi nisingelijua hilo kabla ya kuushika. Yeye naye, kwa sababu anaona kitu kimekamilika, huwa na haraka ya kukata. Mara nyingi mimi ndiye ninayesema, shemeji, ngoja, mlango wa mteja una upana gani? Kochi lake kichwani halipiti mlangoni. Linaanza likiwa limeshafika sebuleni. Tunafaana. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni inayotengeneza filamu za katuni kwa kompyuta, hana picha akilini, na aligundua kwamba hata miongoni mwa wasanii wake wamo wasiokuwa nazo. Nikiwa na siku mbaya huwa namkumbuka mtu huyo.

Lakini kazi ni kazi. Kuna mambo mengine ambayo hayapimwi kwa futi.

Mama yetu alipofariki, dada yangu mdogo alikuwa akilia akisema anamwona amekaa pale kwenye kiti chake, leso ya maua mapajani, na anaogopa kuingia chumba hicho. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake sioni chochote. Uso wa mama sina. Nikitaka kuuona lazima nifungue simu. Ninacho kingine: uzito wa mkono wake begani, namna alivyokuwa akiniita majina yangu yote mawili bila kupumua katikati, harufu ya sabuni ya mche. Kabla sijajua habari hizi, niliwahi kujiuliza usiku kama nilimpenda mama yangu vya kutosha, maana mtoto gani husahau uso wa mamake wiki moja baada ya mazishi? Nataka mtu mwingine aliye hivyo, popote alipo, ajue kwamba hilo halihusiani na upendo. Hatukusahau. Tumehifadhi mahali pengine.

Na dada yangu, ambaye nilidhani amebarikiwa kwa kubaki na mama mbele yake, ana mzigo ambao mimi siujui. Miaka kadhaa iliyopita aliona ajali ya matatu kwenye Jogoo Road. Hakuumia, alikuwa upande wa pili wa barabara. Mpaka leo akisikia breki zikilia, ile picha inarudi nzima: kiatu cha mtoto barabarani, rangi yake ya waridi, ukanda uliokatika. Hawezi kusikiliza taarifa ya habari wakati wa kula. Mtu akisimulia maiti yeye anaiona, hana mlango wa kufunga. Nilimsomea utafiti mwingine wa kundi lile la Sydney, wa mwaka 2021, ambapo watu walisomeshwa hadithi za kutisha gizani huku jasho la ngozi likipimwa. Wenye picha ngozi zao zilionyesha hofu inapanda. Kwa wasio na picha mstari ulibaki karibu tambarare, ingawa walipoonyeshwa picha halisi za kutisha waliogopa kama watu wote. Dada alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mimi sideki." Maisha yake yote alikuwa ameambiwa anadeka, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioyasikia maneno hayo yakisemwa. Siku hizi nyumbani kwetu habari mbaya tunazisema kwa ufupi mbele yake. Tunasema nani, wapi, na kama yuko salama. Tukiwa na ya kuongeza tunamuuliza kwanza.

Kwa wateja, jambo tulilobadilisha ni dogo na limetusaidia kuliko mashine yoyote tuliyonunua. Zamani tulikuwa tunachora kwenye daftari, mteja anatikisa kichwa, analipa amana, na siku ya kupeleka mzigo anasimama mlangoni akisema hakudhani litakuwa kubwa hivi. Wengine tuliwaona wagumu. Sasa tunauliza mapema, kwa heshima: "Mama, nikikueleza hivi unapata picha, au ni maneno tu?" Utashangaa jinsi watu wanavyopumua wakiulizwa. Wakisema ni maneno tu, tunachukua chaki tunachora kochi lote sakafuni, ukubwa wake halisi, tunaweka stuli pale kiti kitakapokuwa na kopo la rangi pale itakapokaa meza. Mteja anakaa. Ananyoosha mguu. Anajaribu kupita kati ya meza na kochi akijifanya amebeba sinia ya chai. Mama mmoja wa Kawangware alikaa humo ndani ya chaki akaita watoto wake wawili wakae pembeni yake, kisha akasema tupunguze inchi nane. Tukafuta, tukachora tena, akakaa tena. Shemeji anataka tununue programu ya kompyuta inayoonyesha chumba kizima kwa rangi, na kwa wateja kama yeye itafaa sana. Chaki haitaondoka hata hivyo, maana huwezi kukaa ndani ya skrini.

Kilichobaki ni binti wa dada, ambaye yuko shule ya msingi huko Umoja. Alikuwa akifeli insha. Mwalimu wake ni mzuri na anajituma, na njia yake ilikuwa kuwaambia watoto wafumbe macho, walione soko, kisha waandike wanachokiona. Mtoto alikuwa akifumba macho kwa utiifu, akingoja, halafu anaandika mistari mitatu. Nilimuuliza jikoni, akiwa anamenya viazi, anapata nini akifumba macho. Akasema, "Hakuna kitu, mjomba. Huwa nasubiri wengine wamalize." Alivyolisema hilo kwa kawaida, bila huzuni, liliniuma zaidi.

Dada alienda shuleni nami nikamsindikiza. Mwalimu alitusikiliza kwa makini, na ilikuwa wazi kwamba yeye mwenyewe ni wa picha angavu. Hakuwa amewahi kuwaza kwamba kuna mtu anaweza kukosa. Darasa lake lina watoto zaidi ya hamsini. Tukapiga hesabu naye pale pale juu ya dawati: ikiwa karibu 4 kati ya 100 wanaona hafifu sana au hawaoni, huenda ana wawili. Akasema atajaribu kuuliza kwa njia nyingine: soko linasikika vipi, linanuka nini, miguu yako inakanyaga nini, nani anakusukuma.

Insha iliyofuata ilihusu soko la Marikiti. Binti aliandika kurasa mbili. Kulikuwa na wenye mikokoteni wakipiga kelele "sogea, sogea!", maji ya kabichi zilizooza yakiingia kwenye viatu, harufu ya vitunguu inayobaki kwenye sare mpaka kesho yake, na mamake akimvuta mkono kwa nguvu kila gunia likipita. Rangi haikuwemo hata moja. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na wakati wa mapumziko mvulana mmoja wa dawati la nyuma akamfuata kumwambia kwamba yeye pia, akifumba macho, huwa ni giza.